Vidole Vinne vya Pindo

Nianze na ujinga wangu, maana nikiuacha mwisho nitapata nafasi ya kuukimbia. Nilimwambia Fundi kwamba Hemu alikuwa Mzungu.

Hemu si mtu. Ni neno la Kiingereza la lile pindo la chini la gauni, sketi au suruali, na mafundi wetu wote wanalitumia hivyo hivyo: piga hemu, hemu imefumuka, unataka hemu ya mkono au ya mashine. Fundi alilipata kwao ziwani enzi za usichana wake, kwa mama mmoja wa misheni ya Waingereza aliyewafundisha kushona. Alimwuliza yule mama neno lenyewe lina maana gani kwa wenyewe, na limetoka wapi. Akajibiwa ashone. Basi akalibeba swali lake, akapanda nalo mlimani alipoolewa Umatengo, na siku moja, miaka mingi baadaye, akalitua mlangoni kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa jirani yake, na mimi ndiye niliyekuwa na cheti cha kidato cha nne kwenye fremu ya kioo, nimekitundika ukutani juu ya picha ya Moyo Mtakatifu, jambo ambalo mke wangu hajanisamehe mpaka leo.

Ningeweza kusema sijui. Ni neno jepesi, hata mtoto wa darasa la kwanza hulisema. Badala yake nikakohoa kidogo, nikamweleza kwamba Bwana Hemu alikuwa fundi wa malkia mmoja wa huko Ulaya. Malkia alijikwaa kwenye gauni lake akiingia kanisani, na Bwana Hemu akapiga magoti palepale, akakunja, akashona, akaokoa shingo yake mwenyewe. Fundi alinisikiliza akiwa na tondoo yake ya kushonea kidoleni. Nilipomaliza akasema kumbe yule bwana alikuwa na akili, akaondoka.

Nikadhani yameishia hapo. Hayakuishia. Kila msichana aliyepita kwake kujifunza cherehani alimjua Bwana Hemu kuliko alivyomjua diwani wetu. Mmoja alikwenda kumwandika kwenye mtihani wa ufundi kule Songea, akarudi na alama ambazo sikutaka kuonyeshwa. Nikawaambia wasahihishaji wa siku hizi hawasomi.

Jina lake nalijua, lakini nikiliandika hapa hakuna mtu wa Mbinga atakayelitambua. Mafundi wanaume wa sokoni waliitwa kwa majina yao, fundi fulani na fundi fulani. Ukisema Fundi bila nyongeza, ni yeye. Ukoo wake sikuwahi kuuliza. Alikuwa wa ziwani, mjane, hana mtoto, basi.

Alikuwa mrefu na mkavu, bega la kulia limeshuka chini ya la kushoto kwa kuinamia mashine. Kwa kuwa pini alizishika kwa midomo, alikuwa akizungumza kwa upande mmoja wa mdomo hata siku ambayo hakuwa na pini, hata kanisani akiitikia sala. Akikutana nawe njiani alikutazama miguuni kwanza, na usoni baadaye, akiona inafaa. Wageni walidhani ni unyenyekevu. Alikuwa anakagua mapindo. Siku moja alikuja mkubwa mmoja kutuhutubia habari za kujitegemea katika soko huria, saa mbili nzima juani. Tulipotawanyika nikamwuliza Fundi ameelewa nini. Akasema, "Suruali yake, mguu mmoja ni mrefu."

Mimi aliniita Bwana Kidato. Nikimsalimu shikamoo alikuwa ananijibu, "Marahaba, Bwana Kidato. Umetoka mwenyewe leo, au umesukumwa?" Alikuwa na haki. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ilikuwa ya Songea, na nilirudi siku hiyohiyo na kichwa kinaniuma.

Kwa uzi alikuwa bahili wa kutisha. Vipande vya urefu wa kidole aliviokota sakafuni, akavifunga pamoja, akavizungusha kwenye gunzi. Msichana aliyekata uzi mrefu kuliko haja alisimamishwa kushona siku nzima, akae tu atazame wenzake. Lakini kwenye pindo alikuwa mkarimu kana kwamba ni mtu mwingine. Hakuna sketi ya shule wala gauni la komunyo ya kwanza lililotoka kwake bila pindo la vidole vinne, vya kwake, na vilikuwa vinene. Mama akilalamika kwamba kitambaa kinakunjwa bure, Fundi alisema, "Mtoto hashonewi alivyo. Anashonewa atakavyokuwa."

Na kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, akina mama walijipanga barazani kwake na sketi za mwaka jana. Alifumua, akashusha kidole kimoja, akashona, akabandika pasi ya mkaa. Mahali palipokuwa na kunjo la zamani ulibaki mstari wa buluu iliyokolea, kwa sababu pale chini jua na sabuni havikuwa vimefika. Msichana wa darasa la tano alikuwa na mistari minne. Fundi hakuwa na daftari la vipimo. Aliwajua watoto kwa mistari.

Watoto wengine hawakumaliza mapindo yao. Homa ilikuwepo, surua ilikuwepo. Mama aliyefiwa akileta nguo ili avalishwe mdogo wa marehemu, Fundi hakushusha wala hakupandisha kwanza. Alifumua pindo lote mpaka mwisho, akalipiga pasi likawa bapa, kisha akalikunja upya kwa kipimo cha yule aliye hai. Alisema pindo ni la mtu na halirithiwi. Kazi hiyo aliifanya kimya, pini midomoni, na wasichana wake walijua siku hiyo hakuna kucheka.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Aliisema mitumba kila asubuhi, akiiita nguo za wafu wa watu wengine, na Juni baridi ilipokaza alivaa koti kubwa la mwanaume, la mtumba, linamfika vifundoni. Nilipomkumbusha maneno yake akafunua ukingo wa koti akanionyesha ndani. Alikuwa amelifumua kipande kidogo apate kuona lilivyoshonwa, akalirudishia. "Aliyeshona hili alikuwa anajua," akasema. "Sina ugomvi naye. Nina ugomvi na waliolileta."

Na jembe pia alilijua, jambo ambalo Wamatengo hawakulitarajia kwa mwanamke wa ziwani aliyekulia kondowole, ule ugali wa muhogo, na usipa, dagaa wa ziwani. Atakayesoma hili akiwa mbali, ajue kwamba kwetu milima ni mikali, na hatulimi matuta ya kawaida. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwenye mteremko kwa miraba. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuufukia mpaka wa majani kwa udongo, hadi mlima mzima unakuwa mashimo yenye kingo pande zote. Hizo ndizo ngolo. Mvua ikija, maji hutulia shimoni, na udongo haukimbii. Fundi alipoletwa kwa mama mkwe wake watu walikuja kumcheka. Akalima ngolo zilizonyooka kuliko za mtu yeyote, maana alipima kwa futi kamba yake ya kushonea. Mama mkwe akalalamika kwa majirani kwamba mwanawe ameoa mtu anayeushona mlima.

Halafu mambo yakafunguliwa. Wanunuzi wa kahawa wakaja na mizani zao na magari yao, ushirika ukalala, na marobota ya mitumba yakafika sokoni, yakapasuliwa kama ng'ombe. Sina la kusema juu ya siasa. Nasema nilichokiona kutoka dirishani kwangu, na dirisha langu lilitazama baraza ya Fundi. Magauni ya sikukuu yakakoma kuja. Suruali zikakoma. Wasichana wa kujifunza wakapungua hadi wawili, kisha mmoja, kisha akabaki Fundi na cherehani lake. Kilichomshika mjini kilikuwa kitu kimoja tu, sare za shule yetu ya msingi, ambazo kamati ya shule ilikuwa imempa kushona tangu zamani. Sare zikiondoka, na yeye anaondoka. Kila mtu alilijua hilo.

Katibu wa kamati ya shule nilikuwa mimi. Walinichagua kwa sababu ya cheti, na kwa sababu mtu asiyesafiri hakosi mkutano.

Mfanyabiashara mmoja akatuletea sketi zilizokwisha kushonwa, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni, kingo zimefungwa kwa mashine ya overloki, laini kama karatasi. Nikazishika. Nikasikia aibu kwa sketi zetu nzito zenye mistari. Nikaenda nyumbani, nikachukua sketi ya binti yangu Gaudensia, nikapima pindo la Fundi kwa rula, kisha nikaketi nikaandika barua kwa kamati. Niliandika kwamba fundi wetu anafukia kitambaa chini ya kila sketi, na kwamba mapindo ya shule nzima yakikunjuliwa yanatosha kuvisha darasa jingine. Ili barua iwe na uzito, nikaliandika lile neno la hemu kwa Kiingereza, na alama za kunukuu juu yake. Nikatia sahihi, Katibu. Mwalimu mkuu akaisoma mkutanoni na wazazi wakapiga makofi. Naikumbuka raha ya makofi yale.

Fundi alipelekewa taarifa kwa mdomo. Alikuwa ameshanunua jora la buluu kwa ajili ya Januari. Nilimwona barazani akilizungusha upya, taratibu, akinyoosha kila mkunjo kwa kiganja. Sikutoka nje siku hiyo. Kuwa mtu wa nyumbani kuna faida zake.

Watoto wakakua. Sijui tulitegemea nini. Mwaka wa pili ulikuwa mwaka ambao kahawa haikuwa na bei, na hakuna aliyeweza kununua sketi mpya. Zile za mfuko wa nailoni zikafika magotini, zikapita magoti, na mwalimu wa zamu akasimama getini akaanza kuwarudisha wasichana. Akina mama wakakimbilia barazani kwa Fundi kama zamani. Akageuza ukingo wa sketi ya kwanza. Kunjo lilikuwa la upana wa ukucha. Akawaonyesha wote, mmoja mmoja, akauliza, "Hapa nishushe nini?"

Hakuwafukuza. Alikata mikanda kutoka kwenye lile jora lake, akawaungia chini. Buluu mbili hazikufanana, na wavulana wakaziita sketi za ghorofa. Lakini wasichana waliovaa ghorofa walipita getini.

Gaudensia wangu alikuwa darasa la sita, miguu mirefu ya upande wa mama yake. Mke wangu akaniambia peleka sketi ya mtoto kwa Fundi, ni hatua kumi. Nikasema kesho. Ningesimamaje mbele ya mwanamke yule na sketi mkononi, nimwambie tafadhali nifukie kitambaa? Nikasema kesho tena. Wiki moja ikawa mbili. Gaudensia akaanza kwenda na wenzake kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu, akapata vijisenti vyake, akanunua mafuta ya kujipaka. Nilipopata ujasiri wa kusema habari ya shule, hakutaka tena kuisikia.

Siku moja Fundi akaniita juu ya ua.

"Bwana Kidato, sketi ya Gaudensia mbona haijaja? Nimemwekea kipande."

Nikamwambia tunamnunulia mpya.

Akanitazama miguuni muda mrefu, akarudi ndani.

Mwaka haukuisha. Fundi aliondoka juu ya lori la mahindi lililopita kwetu likishuka ziwani, cherehani limefungwa kamba kati ya magunia. Alimwachia mke wangu kile kipande cha buluu, kimekunjwa vizuri. Kipo kabatini. Hakuna anayekigusa.

Miaka ikapita, mingi. Gaudensia akapata mtoto, kisha wa pili, baba zao siwajui. Mimi nikapewa kazi ya kuandika vyeti vya ubatizo parokiani, kwa sababu ya mwandiko, na humo ofisini kulikuwa na kamusi kubwa ya Kiingereza iliyoachwa na padri mmoja. Mchana mmoja wa mvua nikaifungua kwenye herufi ya H. Nilipolikuta neno lenyewe nilikaa nalo, nikalinakili kwenye karatasi. Jioni nikamwambia mke wangu nakwenda ziwani kumtafuta Fundi. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Basi likishuka mteremko nilitapika mara mbili. Nikamkuta upande wa Chiwanda, nyumba ya ndugu yake, ameketi kwenye mkeka kivulini. Macho yalikuwa na ukungu mweupe. Miguu ilikuwa imevimba. Cherehani lilishauzwa kwa ajili ya dawa. Jirani yake, mama mmoja mnene mwenye mikono ya kazi, alikuwa akigeuza usipa juu ya chanja, na yeye ndiye aliyekuwa akimlisha na kumwosha. Nilipopiga hodi Fundi aliinamisha uso kuelekea miguu yangu, asiyoiona.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Bwana Kidato," akasema. "Umesukumwa na nani?"

Nikamwambia nimekuja kwa habari ya Bwana Hemu. Nikatoa karatasi yangu nikamsomea. Neno lile ni la kale kabisa kwa Waingereza, na tangu mwanzo maana yake ilikuwa ukingo. Wanaolichunguza wanadhani lina udugu na neno lao jingine la zamani, la kipande cha ardhi kilichozungushiwa mpaka pande zote. Hakuna malkia. Hakuna aliyejikwaa.

"Kwa hiyo yule bwana hakuwapo."

"Hakuwapo. Nilimtunga."

"Nilikuwa namwombea," akasema. "Kila Siku ya Marehemu Wote. Nilimweka baada ya mume wangu."

Jirani yake alikuwa ameacha kugeuza samaki. Fundi akaniambia nisome tena pale pa ardhi. Nikasoma. Akaomba nirudie. Midomo yake ikawa inakwenda upande kama ana pini.

"Hiyo ni ngolo," akasema. "Ukingo pande zote, udongo usikimbie. Nimeilima, nimeishona, na Mzungu nimemwombea bure."

Nikaona nikichelewa sitasema tena. Nikaanza kumwambia kuna barua iliyowahi kupelekwa kamati ya shule. Akaniinulia kiganja.

"Niliisoma. Mwalimu mkuu alinipa niione. Mwandiko wako unajulikana, Bwana Kidato. Na nani mwingine pale angeandika hemu kwa Kizungu?"

"Ulijua. Na bado ukamwekea Gaudensia kipande."

"Gaudensia hakuandika barua," akasema. Kisha akauliza, "Alimaliza shule?"

Nikamwambia hapana. Alipapasa chini ya mto wake akatoa gauni jeupe, limekunjwa, akanipa. Lilikuwa limeshonwa kwa mkono wote, mishono midogo kama punje za ulezi, aliyoifanya kabla macho hayajafunga. Chini halikuwa na pindo. Nyuzi zilikuwa zimeanza kuachia. Nikafahamu ni gauni la kuzikiwa. Akasema jirani ameomba mara nyingi alimalizie, amemkatalia, kwa sababu mikono yake imezoea nyavu, na kila akishona anafunga mafundo.

"Keti," akaniambia. "Ulisema nafukia kitambaa. Leo utafukia wewe."

Akanishika mkono, akavilaza vidole vyangu vinne kwenye ukingo wa gauni, akakunja. Nikauliza swali la kijinga, maana sijawahi kuishiwa nayo. Nikauliza kama hata gauni hili linahitaji vidole vinne.

"Unadhani pindo ni la kukua tu," akasema. "Nguo isiyo na uzito chini hupanda watu wakikunyanyua. Sitaki miguu yangu itazamwe. Nimetazama ya watu maisha yangu yote, najua."

Nilishona tangu mchana mpaka kivuli cha nyumba kilipofika majini. Nilijichoma, nikaacha tone la damu, nikalificha kwa ndani. Uzi uliponiishia alinipimia mwingine wa kukata, mfupi, bahili kama zamani. Nilipofunga fundo la mwisho alilipitisha pindo lote kati ya kidole gumba na cha shahada, akazunguka duara nzima mpaka akarudi alipoanzia. Nilingoja. Akasema, "Basi," akalikunja, akalilalia.

Alipopitiwa na usingizi, jirani yake akanawa mikono kuondoa harufu ya samaki, akachukua gauni chini ya mto polepole asimwamshe, akageuza ukingo wake akauelekeza kwenye mwanga. Akavuta mshono mmoja kwa ukucha. Kisha akaninyooshea kiganja.

"Baba, mimi nafunga nyavu, lakini hii itafumuka kabla hatujafika makaburini. Lete sindano."